Mkasi, saa na punda: kugeuza vitabu vya katuni kuwa filamu ya familia

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa muswada, chukua juzuu moja ya ule mfululizo unaotaka kuutengenezea filamu, mpe mtoto anayeupenda, kisha kaa pembeni umtazame akisoma. Fuata kidole chake. Ukurasa mmoja ataupita kwa sekunde nne, unaofuata atakaa nao dakika nzima. Atarudi nyuma kurasa mbili kuhakikisha kitu. Atacheka kabla ya kichekesho kufika, kwa kuwa jicho limeshaiba picha ya mwisho kule chini ya ukurasa. Mhusika mnene atamsemea kwa sauti nzito, yule mwembamba kwa sauti ya puani, na hakuna aliyemfundisha.

Mtoto huyo yuko kazini. Yeye ndiye mhariri, yeye ndiye mwigizaji wa sauti, yeye ndiye anayeamua kama mlango ulifungwa taratibu au ulibamizwa. Mchoraji kampa vipande tu, na kati ya kisanduku kimoja cha picha na kingine kaacha uwazi mweupe ambao msomaji anaujaza mwenyewe. Siku unapotengeneza filamu, unamwachisha kazi. Kila alichokuwa akikifanya kichwani mwake sasa utakifanya wewe, tena kwa namna moja tu, na ukumbi mzima utaiona hiyo hiyo. Ndiyo maana mashabiki hutoka wakilalamika "huyu siye" hata pale ambapo kila tukio limenakiliwa kama lilivyo kitabuni.

Mimi ni mchoraji wa storibodi, yaani michoro inayoipanga filamu tukio kwa tukio kabla haijatengenezwa, na siku hizi naandika pia miswada. Nimeshiriki filamu tatu za namna hii. Mbili zilitoka, moja ilifia mezani. Iliyonifundisha zaidi ilitokana na mfululizo wa juzuu 12 kuhusu msichana na mdogo wake wa kiume wanaosambaza barua milimani wakiwa na punda mkaidi. Jina la mfululizo naliacha, mkataba una kifungu kinachonifunga mdomo. Lakini ya punda nitayasema.

Mwenye mali kwanza

Sehemu hii nitaipita haraka kwa sababu inachosha, ila wewe usiiruke. Kuwa na vitabu vyote kabatini hakukupi haki ya kutengeneza filamu. Haki hiyo ni ya mwenye hakimiliki, na kwa kawaida hainunuliwi yote siku ya kwanza. Mnasaini mkataba wa muda: unalipa kiasi kidogo ili asimpe mtu mwingine wakati wewe unaandika muswada na kutafuta fedha. Muda ukiisha na filamu haijaanza, haki inabaki kwake naye yuko huru. Humo mkatabani yaandikwe waziwazi mambo matatu: nani anaidhinisha muswada, nani anaidhinisha sura za wahusika, na itakuwaje studio ikifungwa. Hilo la tatu si uchuro. Filamu ya Nimona, iliyotokana na katuni ya ND Stevenson, ilikuwa imeshafika mbali pale Blue Sky Studios ilipofungwa Aprili 2021. Ikabidi ihamie mikono mingine, ikatoka 2023.

Kosa letu sisi lilikuwa kwa punda. Jalada la kila juzuu lina jina la mwandishi mmoja, tukadhani saini moja inatosha. Kumbe punda hayumo kwenye juzuu mbili za mwanzo. Aliingia ya tatu, iliyochorwa na mchoraji mgeni wakati mwandishi anaumwa, na mkataba wao wa enzi zile ulimwachia mgeni yule haki ya mhusika aliyembuni. Tuligundua hilo tukiwa na storibodi za miezi minne, punda kajaa kila ukurasa. Mchoraji alikuwa muungwana, akasaini. Lakini kwa wiki tatu nzima nilikuwa nashtuka usiku nikiwaza filamu ya wapeleka barua wasio na punda. Tengeneza orodha: kila mhusika, kila chombo cha usafiri, kila nyumba maarufu, kimeingia juzuu gani na kimebuniwa na nani. Ni kazi ya siku mbili.

Kama mwandishi ameshafariki utakaa mezani na warithi. Wapo wanaowaona warithi kama walinzi wa geti, watu wa kupitwa haraka. Mimi huwa nawauliza maswali mengi kuliko wanavyotegemea, maana wao walimwona akichora. Charles Schulz, mchoraji wa Peanuts, alifariki Februari 2000, usiku wa kuamkia siku ambayo katuni yake ya mwisho ya Jumapili ilichapishwa. Filamu ya Peanuts ya 2015 iliandikwa na mwanawe Craig na mjukuu wake Bryan, pamoja na Cornelius Uliano, na ukiitazama unaona ni watu wanaojua mhusika mkuu, Charlie Brown, hafanyi nini. Orodha ya mambo ambayo mhusika hafanyi ni muhimu kuliko wasifu wake. Ya kwetu ilikuwa na mistari kumi na minane. Wa kwanza: "Dada haombi msamaha kwa maneno."

Hesabu ya kukatisha tamaa

Juzuu 12 zenye kurasa 48 kila moja ni kurasa 576. Weka visanduku sita kwa ukurasa, unapata 3,456. Ukikipa kila kisanduku sekunde nne tu, umefika saa 3 na dakika 50. Filamu ya familia hukaa kati ya dakika 80 na 100, na mtoto wa miaka mitano huanza kupanda kiti kabla ya hapo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jua kwamba sehemu kubwa ya unachokipenda haitaonekana, na uamue mapema unakata kwa njia ipi.

Njia ya kwanza ni kuchukua juzuu moja na kuipanua. Filamu ya Asterix ya 2014, ile ya kwanza kutengenezwa kwa kompyuta kwa pande tatu, ilisimama juu ya albamu moja ya 1971 kuhusu makazi ya kifahari ambayo Warumi wanayajenga kando ya kijiji. Albamu ile ina ugomvi mmoja mkubwa unaokua wenyewe. Filamu ilihitaji kuurefusha tu. Kama mfululizo wako una juzuu ya namna hiyo, mshukuru Mungu na usitafute nyingine.

Njia ya pili ni kushona. Tintin ya Steven Spielberg ya 2011 ilichukua vitabu viwili vya Hergé kuhusu meli na hazina iliyozama, ikaongezea cha tatu, kile cha kaa mwenye makucha ya dhahabu. Sababu ya kukileta hicho cha tatu inaeleweka ukiwa na vitabu mkononi: humo ndimo Tintin na Kapteni Haddock wanapokutana mara ya kwanza. Mtazamaji ambaye hajawahi kusoma lazima awaone wakijuana, na kitabu cha meli kinawakuta wameshakuwa marafiki. Ukishona, shona kwa sababu kama hiyo. Kushona kwa vile tu kila juzuu ina tukio moja zuri huleta filamu inayopumua kama mtu anayepanda ngazi.

Ya tatu ni kubana mfululizo mzima. Katsuhiro Otomo alifanya hivyo kwa Akira: katuni ilianza 1982 na kuisha 1990, filamu akaitoa 1988 katuni haijafika mwisho, na zikachukua njia tofauti. Lakini mfululizo ni wa kwake mwenyewe na yeye ndiye aliyeongoza filamu. Kama wewe si mwandishi, iogope njia hii.

Kuamua kipi kibaki, usiwaulize mashabiki juzuu ipi ni bora. Wataanza kubishana. Waambie wafunge kitabu wakusimulie kisa kimoja, kisha nyamaza na uandike. Nilifanya hivyo na watu wa rika zote, na mkubwa mmoja wa studio alishangaa kwamba yule adui wa juzuu ya tano, ambaye yeye alitaka awe nguzo ya filamu, hakuna hata mmoja aliyemtaja. Walichosimulia wengi ni daraja la kamba. Nalifikia hivi punde.

Bado utakuwa na tatizo ambalo katuni haina. Kwenye mfululizo, wahusika hawabadiliki. Kila juzuu inawarudisha walipoanzia, na tunawapenda kwa hilo hilo. Filamu ya saa moja na nusu inataka kitu kisogee. Dawa ya haraka ambayo kila mtu mezani ataipendekeza ni kumuua mzazi. Nimekaa kwenye vikao vitatu tofauti ambapo mtu alisema "vipi kama mama yao alifariki?" kwa sauti ya mtu aliyevumbua moto. Kataa. Tafuta swali ambalo mfululizo wenyewe umeliacha wazi bila kujua. Mimi nilizisoma juzuu zote 12 nikihesabu barua, na nikagundua kwamba wale ndugu wawili wamebeba mamia ya barua na hawajawahi kupokea hata moja. Mwandishi nilipomweleza alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Hilo sikuliona, mwanangu." Filamu yetu ikawa ndiyo hiyo: barua iliyoandikwa kwao, na jinsi wanavyoikimbia.

Ukurasa chini ya mkasi

Sasa kaa chini. Toa nakala za kurasa ulizochagua, kata kila kisanduku peke yake, halafu funika viputo vya maneno kwa rangi nyeupe. Bandika ukutani ukifuata mpangilio wa kitabu. Simama mbali, soma bila maneno. Utashangaa ni visanduku vingapi vinakufa papo hapo: watu wawili wamesimama wakiongea, kichwa na kichwa, kwa sababu mchoraji alihitaji mahali pa kuweka viputo. Hivyo vitoe. Vinavyoendelea kusema vikiwa vimezibwa mdomo ndio uti wa filamu yako. Maneno utayarejesha baadaye, na yatakuwa machache kuliko unavyofikiri.

Kisha chukua saa. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakupeleka kwenye ukurasa mmoja hatua kwa hatua.

Juzuu ya nne, ukurasa wa 31. Visanduku saba. Cha kwanza: korongo, daraja la kamba, ndugu wawili wadogo kama sisimizi na punda kasimama mwanzoni mwa daraja. Cha pili: dada anamvuta kwa kamba. Cha tatu: mdogo wake anamsukuma kwa nyuma. Cha nne: punda anatafuna. Cha tano: punda anatafuna, mchoro ule ule. Cha sita: punda yuko ng'ambo, anatafuna, nao wawili bado wako huku. Cha saba: wanatazamana.

Watoto wanaangua kicheko hapo kila mara. Utamu wote uko kwenye uwazi kati ya cha tano na cha sita, sentimita nusu ya karatasi nyeupe.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijinga: nilimchora punda akivuka. Mwenzangu mhuishaji, yule anayeipa michoro uhai, akampa mwendo mzuri kweli, kwato juu ya mbao, daraja likiyumba. Tukawaonyesha watoto sita. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema punda ni jasiri. Jaribio la pili nilikata moja kwa moja: punda huku, mkato, punda kule. Kitabuni inafaa kwa sababu jicho linaruka lenyewe. Kwenye skrini ilionekana kama kipande cha filamu kimepotea. Mtoto mmoja aligeuka nyuma kumtazama mama yake, na hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote, mtoto akidhani mashine imeharibika.

Nikampigia mwandishi. Nikamuuliza, "Mama, kule kitabuni, punda alivukaje?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi mwenyewe sijui. Nilichora cha tano, nikaenda kulala, asubuhi nikachora cha sita."

Jibu hilo lilinifungua. Kama hata yeye hajui, basi kamera isijue. Jaribio la tatu: punda anatafuna, kisha tunawageukia ndugu wawili, wanaanza kulaumiana, wanatupa mikono, tunabaki nao. Na nyuma yao tunasikia kengele ya shingoni mwa punda. Polepole. Inaenda mbali. Wao hawaisikii kwa sababu wanagombana. Watoto ukumbini wanaisikia. Kengele inanyamaza. Ndugu wananyamaza. Mkato: punda ng'ambo, anatafuna.

Hesabu yake ilikuwa hivi: korongo sekunde 5, kuvuta na kusukuma 9, kutafuna 6, ugomvi na kengele 12, kimya 3, punda ng'ambo 3. Jumla sekunde 38. Filamu huenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, kwa hiyo ni fremu 912 kwa ukurasa ambao mtoto huusoma kwa sekunde kumi. Zile sekunde 12 za kengele ndizo ule uwazi mweupe. Angalia pia nani alirudishiwa kazi: mtoto anayesikiliza kengele na kumchora punda kichwani mwake akivuka.

Sikuambii utumie kengele. Nakuambia utafute, kwenye kila ukurasa unaopendwa, ni wapi msomaji alikuwa anafanya kazi, halafu umtafutie kazi nyingine ya kufanya. Sauti iliyo nje ya picha, kivuli, uso wa mtu anayetazama kitu ambacho hatukioni. Vipo vingi. Ukurasa ambao msomaji hakuwa na kazi yoyote uchore tu, usijisumbue.

Sura, mwendo, na masikio ya punda

Wahusika wa katuni huishi kwa uongo mtamu. Mchoraji huwa na pembe mbili au tatu anazozipenda na hawachori kamwe kwa pembe nyingine. Punda wetu, kwa juzuu zote alizomo, anaonekana na masikio yote mawili kwa mbele, hata akiwa ameangalia pembeni kabisa. Ukimtengeneza kwa pande tatu kwenye kompyuta na kumzungusha, sikio moja linajificha nyuma ya jingine na mnyama aliyebaki ni punda wa kawaida, simjui.

Watengenezaji wa filamu ya Peanuts walikutana na kitu hicho hicho: Schulz alikuwa amewachora wale watoto kwa pembe chache mno, na kichwa cha duara hakikupi njia ya kuunganisha. Hawakujaribu kulainisha. Waliacha kichwa kiruke kutoka pembe moja kwenda nyingine, na sura ikapangwa upya kulingana na kamera ilipo. Sisi tuliiba wazo hilo. Punda wetu ana masikio yanayohama. Kila kamera inapohama, mhuishaji anayasogeza kwa mkono. Ukimwona kwa juu ni kituko, sikio limeota karibu na jicho. Hakuna atakayemwona kwa juu.

Kwa hiyo kabla ya kujenga chochote, kusanya kila mchoro wa mhusika mkuu kutoka kwenye juzuu zote, panga kwa pembe, na utaona mashimo. Pembe ambazo hazipo, zipigie marufuku kwa maandishi. Mwongozaji atakasirika kidogo. Baadaye atashukuru, au hatashukuru, lakini mhusika atabaki yeye.

Kuhusu mwendo, jua hili: si lazima kila fremu iwe na mchoro mpya. Mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, unapata michoro 12 kwa sekunde, na jicho linauona mwendo ukiwa na ukakasi kidogo, kila pozi linasomeka. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 ilifanya hivyo sehemu kubwa, ikaondoa na ule ukungu wa mwendo ambao kompyuta huuongeza yenyewe, na kuna mandhari ya msituni ambapo kijana asiyejua kazi anakwenda kwa michoro 12 huku mzoefu pembeni yake akienda kwa 24. Hata asiyejua lolote kuhusu fremu anahisi nani anajikwaa. Hiyo ndiyo aina ya wizi wa kutoka kwenye karatasi ninaoupenda. Nukta za uchapishaji na viputo kwenye skrini ni rahisi kuviiga, na kila mtu ameviiga tangu pale; mimi nimevichoka. Ukiweka nukta, mfululizo wako uwe kweli ulichapwa kwa nukta. Wetu ulipakwa rangi za maji, nasi tukaiacha karatasi ionekane chini ya rangi, basi.

Na kama vitabu ni vyeusi na vyeupe na nguvu yao iko humo, usikubali kupakwa rangi kwa sababu tu eti watoto wanapenda rangi. Marjane Satrapi alipoongoza Persepolis, filamu ya katuni zake mwenyewe, pamoja na Vincent Paronnaud, 2007, sehemu kubwa ya filamu ilibaki nyeusi na nyeupe. Ile si ya watoto wadogo, lakini hoja ya rangi inabaki pale pale.

Sauti

Kila msomaji ana sauti yake kichwani na yako itakuwa si hiyo. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo. Kuna ujanja wa kulipunguza. Msikilize mwigizaji ukiwa umefumba macho na mchoro umeuweka uso chini, halafu ufungue macho na uugeuze. Nilikuwa nikifanya kinyume, nikitazama mchoro huku nikisikiliza, na mchoro mzuri humbeba mwigizaji mbovu.

Wahusika wasiosema kitabuni wasiseme kwenye filamu. Kwetu prodyuza alitaka punda aongee, na awe na sauti ya mchekeshaji maarufu. Tulibishana wiki sita. Nilichomshinda nacho ni kumwonyesha daraja mara mbili, moja punda akiwa kimya na moja akiwa na mistari minne ya utani niliyoiandika mwenyewe, tena mizuri. Aliitazama ya pili akacheka, akaitazama ya kwanza akacheka zaidi. Hakusema lolote, ila suala halikurudi mezani.

Watoto chini, wazazi juu

Neno "familia" hutafsiriwa vibaya kwenye vikao. Watu wanadhani ni filamu mbili zilizofungwa pamoja, vichekesho vya kuanguka kwa watoto na mafumbo ya wakubwa kwa wazazi, kwa zamu. Mfululizo unaopendwa tayari ni wa familia, kwa sababu mzazi aliusoma akiwa mdogo naye amemrithisha mwanawe. Kwa mzazi huyo huhitaji kuongeza kitu. Yeye anataka kuona mwanawe akicheka pale alipocheka yeye.

Kinachotaka akili ni hofu. Kitabuni mtoto akiogopa anafunga kitabu. Ukumbini hawezi kufunga. Ukurasa wenye dhoruba ambao yeye huuruka haraka wewe unamkalisha nao dakika tatu, gizani, na sauti ya radi. Kanuni yangu ni ya kihunzi tu: kabla ya kila mandhari ya kutisha, mwonyeshe mtoto mlango wa kutokea. Kwenye dhoruba yetu tulionyesha taa ya kibanda mbali, sekunde mbili kabla ya radi ya kwanza. Taa ile haizimiki mandhari yote. Watoto wakubwa hawaioni, wadogo hawaibandui macho.

Kuna pia vitu vya zamani ambavyo leo vinakera: mabezo kwa watu wa makabila mengine, mwanamke wa kupika tu, sigara. Zungumza na mwandishi kabla hujaondoa chochote, kwani huenda naye alikuwa anasubiri kuulizwa. Waandishi wenyewe wamewahi kubadilisha: Morris alimtoa mhusika wake Lucky Luke sigara mdomoni mwaka 1983 akamwekea unyasi, na Shirika la Afya Duniani likampa tuzo mwaka 1988. Unyasi ule unakaa pale pale mdomoni, umbo la uso halikuguswa. Jifunze hapo namna ya kubadili: toa kitu, acha pozi.

Kabla hujachelewa

Storibodi zikishakamilika, zipange kwenye video na sauti za muda, hata kama ni za wewe na mwenzako jikoni, na muziki wowote wa kushikilia nafasi. Hiyo ndiyo animatiki, na ndiyo mahali pa bei nafuu pa kukosea. Dakika 90 ni fremu 129,600. Zikishapakwa rangi na kuwekewa mwanga, kuhamisha mandhari moja ni kumtia mtu machozi.

Waonyeshe watu wa aina mbili, siku tofauti. Wasiojua mfululizo kwanza. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize nini kilitokea, wakusimulie. Wakikwama mahali, pana uwazi ambao msomaji wa kitabu angeujaza kwa kumbukumbu ya juzuu zilizopita. Halafu mashabiki, nao uwakalishe mbele yako ili uone migongo yao. Mgongo ukiegemea nyuma ghafla, andika dakika na sekunde. Watakupa pia maoni marefu kwa maneno. Yapokee kwa adabu, ila karatasi ya migongo ndiyo nilikuwa naibeba kwenda nayo kwenye chumba cha uhariri.

Mwisho kabisa, orodha ya majina. Studio itaweka jina la mwandishi kwa herufi kubwa na kuona imemaliza. Vitabu vile vilipakwa rangi na mtu, maneno kwenye viputo yaliandikwa kwa mkono na mtu, na yule mchoraji mgeni wa juzuu ya tatu naye yupo. Waweke wote, na nyuma ya majina yao weka visanduku halisi vya kitabuni, kwa wino wao, ili mtoto anayetoka aone mahali punda alipozaliwa. Mpe mtu mmoja kazi ya kusoma kila jina herufi kwa herufi kabla nakala ya mwisho haijatoka. Sisi jina la mpaka rangi tulilikosea herufi moja. Aliona kwenye onyesho la kwanza, akiwa ameketi na wajukuu wake, na hakuniambia mimi. Mjukuu ndiye aliyeniambia.